Gurudumu na Tairi Katika Njia ya Tabora

Tabora ilikua mji mkubwa wa biashara bila gurudumu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani ilikutana hapo na misafara ya Ujiji, Karagwe, Buganda na nchi za kusini mwa Ziwa Tanganyika. Vitambaa, shanga, masango na bunduki viliingia. Pembe za ndovu zilitoka. Watumwa walipitishwa kwa miguu. Richard Burton na John Speke, waliofika Kazeh, kama Tabora ilivyojulikana wakati huo, tarehe 7 Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wakiishi katika tembe kubwa zenye maghala na bustani. Bidhaa zote za pwani zilizojaa maghala hayo zilikuwa zimebebwa na watu kwa umbali unaozidi kilomita 800.

Leo gari la familia aina ya RAV4, X-Trail au Forester huondoka Dar es Salaam alfajiri na siku hiyohiyo likalala Tabora. Kati ya mpagazi na gari hilo kuna historia ya gurudumu, na hasa ya mpira unaolivika. Ni historia iliyoamuliwa na ardhi kuliko ilivyoamuliwa na ufundi. Msitu wa miombo, mbung'o, tope jeusi la mbuga na vumbi la kiangazi ndivyo vilivyosema nini kipite na nini kikwame, na mpaka leo ndivyo vinavyopaswa kuulizwa kwanza mtu anapotaka kubadilisha matairi ya gari lake.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka, chungu na silaha yake. Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo. Walikuwa na misafara yao wenyewe kabla Waarabu hawajaweka makazi Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi inayoizunguka Tabora, na kijana ambaye hajaiona pwani alihesabiwa kuwa bado hajawa mtu mzima. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilikuwa safari ya miezi mitatu hivi, zaidi kama mvua zimekazana au kama mazungumzo ya hongo, yaani ushuru wa kupita, katika Ugogo yamerefuka. Baada ya Ugogo ulikuja Mgunda Mkali, nyika yenye maji haba, kisha Tura, mlango wa Unyamwezi.

Njia yenyewe haikuwa barabara. Watu walifuatana mmoja nyuma ya mwenzake, kirangozi akitangulia, na nyayo zao zilichimba mfereji mwembamba ambao masika iliugeuza kijito. Mti ukianguka, hakuna aliyesimama kuukata. Msafara uliuzunguka, na kijia kikabaki kimepinda pale hata mti ulipokwisha kuoza. Kijia cha namna hiyo kinamtosha mtu na mzigo wake. Magurudumu mawili yaliyo sambamba hayana pa kukanyaga.

Wasafiri wengi wa Ulaya waliandika kana kwamba gurudumu lilikosekana bara kwa sababu halikujulikana. Hukumu hiyo si ya haki. Wafanyabiashara wa Unyanyembe walikuwa na uhusiano na Zanzibar, Oman na Bombay, na magari ya kukokotwa na ng'ombe hayakuwa mageni kwao. Kilichowazuia ni mdudu. Mbung'o wa miombo hubeba vimelea vinavyowapa mifugo ugonjwa wa nagana. Ng'ombe akishaumwa hukonda, machozi humtoka, nguvu humwisha, na katika muda wa wiki au miezi hufa. Uhusiano kati ya mbung'o, vimelea na ugonjwa huo ulithibitishwa na daktari David Bruce huko Zululand katikati ya miaka ya 1890, lakini wafugaji wa Afrika Mashariki walikwisha kujua zamani kwamba kuna misitu ambayo ng'ombe hapitishwi. Ng'ombe walikuwapo Unyanyembe, katika maeneo yaliyofyekwa na kulimwa. Tatizo lilikuwa njia ya kuwafikisha au kuwatoa. Gari bila mnyama wa kulikokota ni mbao tu, na kwa hiyo bega la mtu ndilo lililobaki kuwa usafiri wa bei nafuu kuliko wote.

Wageni waliopuuza jambo hili walilipa gharama. Henry Morton Stanley, alipojiandaa mwaka 1871 kwenda kumtafuta David Livingstone, alitengenezesha mkokoteni mwembamba uliokusudiwa kupita katika vijia. Alipiga hesabu kwamba punda akiukokota atachukua mzigo wa wapagazi kadhaa. Njiani hesabu ikakataa: mkokoteni ukawa kazi ya kuusukuma na kuunyanyua, na akautelekeza kabla ya kufika Unyanyembe. Farasi zake walikufa mapema, na punda wakamwishia mmoja baada ya mwingine. Yeye na Livingstone walikaa pamoja Kwihara, kando ya Tabora, mwanzoni mwa mwaka 1872. Stanley akaondoka Machi, na Livingstone akabaki mpaka Agosti akisubiri kitu kimoja tu, wapagazi.

Jaribio kubwa zaidi lilifanywa na London Missionary Society. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price, aliyekuwa amezoea magari ya ng'ombe ya kusini mwa Afrika, aliwapitisha ng'ombe wachache kutoka Saadani mpaka Mpwapwa na kurudi na habari njema. Mwaka uliofuata wamisionari waliingia na magari makubwa ya kukokotwa na mafahali wa kutosha. Mvua ziligeuza udongo kuwa tope, magari yakazama, mafahali wakafa. Magari yaliachwa, na waliosalia katika msafara walifika Ujiji mwaka 1878 kwa njia ileile ya zamani, mizigo ikiwa juu ya mabega ya watu. Alexander Mackay wa Church Missionary Society naye alifyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa mwaka 1877, nayo ikarudiwa na majani. Mfalme Leopold wa Ubelgiji akajaribu njia nyingine kabisa: mwaka 1879 tembo wanne waliofunzwa walisafirishwa kutoka India, wakashushwa karibu na Dar es Salaam na kupelekwa Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, kupitia bara. Wengi walikufa njiani.

Wajerumani walipoiteka nchi, na Isike, mtemi wa Unyanyembe, kufa katika boma lake mwaka 1893 badala ya kusalimu amri, uchukuzi haukubadilika mara moja. Barabara pana zilifyekwa kwa kazi ya kulazimishwa, lakini waliozitumia ni wapagazi walewale. Gari la kwanza la injini kuvuka bara lilitoka Dar es Salaam mwezi Agosti 1907. Lilikuwa la afisa Paul Graetz, lililoundwa katika kiwanda cha Gaggenau, Ujerumani, kwa magurudumu makubwa na mwili ulioinuliwa juu ili lipite juu ya visiki na mawe. Graetz alikwenda magharibi mpaka Ziwa Tanganyika kisha akaelekea kusini, na alifika Swakopmund kwenye Bahari ya Atlantiki tarehe 1 Mei 1909. Miezi ishirini na zaidi kwa gari! Sehemu kubwa ya muda huo gari lilikuwa limesimama likisubiri vipuri na petroli, na mara nyingi lilivutwa kwa kamba na watu wengi lilipokwama. Msafara wa Kinyamwezi ungekwenda mwendo huo kwa wepesi zaidi.

Kilichomaliza enzi ya wapagazi ni gurudumu la chuma juu ya chuma. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Gari moshi halihitaji malisho, haliogopi mbung'o, na halijali kama mbuga imejaa maji ilimradi tuta liko imara. Biashara ya Bagamoyo ikafa, na Tabora ikawa mji wa karakana na stesheni. Mwaka 1928 tawi la kwenda Mwanza likakamilika, na mwaka 1950 likaja la Mpanda.

Wanyamwezi waliopoteza kazi ya upagazi hawakubaki nyumbani. Wengi walikwenda mashamba ya mkonge na mpira ya Tanga na Usambara. Hapa historia ya njia inakutana na ya tairi. Charles Goodyear alikwisha kugundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa na salfa hauyeyuki kwa joto wala kukakamaa kwa baridi, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, akaweka hataza ya tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli. Baada ya hapo dunia ikawa na njaa ya mpira. Katika Dola Huru ya Kongo njaa hiyo iliua watu kwa idadi ya kutisha: wanakijiji walilazimishwa kukamua mitoria ya porini, na walioshindwa kutimiza kiwango walipigwa, walikatwa mikono au kuuawa. Afrika Mashariki ya Kijerumani nayo ilikuwa na mpira wake, kwanza wa mitoria ya pori la pwani, kisha wa mashamba ya Manihot glaziovii, jamaa wa muhogo kutoka Brazili. Bei iliporomoka mwaka 1913 mpira wa mashamba ya Asia ulipofurika sokoni. Lakini kwa muda mfupi mtoto wa mpagazi ndiye aliyechanja mti uliovika magurudumu ya Ulaya.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliufanya mpira huo uwe na thamani tena. Meli za Kiingereza zilifunga pwani, na ikabidi koloni lijitengenezee kila kitu. Mashambani mpira ulichanganywa na salfa na kupikwa ukawa matairi ya magari na baiskeli, na hayo yaliweza kutumika kweli. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imehamia Tabora, na mwaka 1916 karakana ya reli karibu na mji huo ilifua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Matairi machache ya shambani hayakuwaokoa watu na mizigo: vita hivyo viliwarudisha wapagazi njiani kwa mamia ya maelfu, safari hii kwa amri, na wengi hawakurudi kwao.

Chini ya Waingereza, waliotawala baada ya vita, tairi la upepo liliingia Tabora kwa unyenyekevu, kwa baiskeli. Gari lilikuwa la ofisa, la misheni au la tajiri. Baiskeli ilikuwa ya karani, ya mwalimu, kisha ya mkulima. Raleigh ya Kiingereza ilitawala kwa miongo, baadaye Phoenix ya China na Swala iliyoundwa nchini, zote zikiwa na tairi jembamba la inchi 28. Tairi hilo lilikifaa kile kijia cha msafara ambacho gari la ng'ombe lilishindwa nacho, kwa kuwa linafuata mstari mmoja kama mguu wa mtu. Madebe ya asali kutoka misituni, magunia ya mkaa, mahindi na mgonjwa wa kwenda hospitali vimepita hivyo. Mzigo hufungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu chakavu: tyubu hulazwa, hukatwa kwa kisu mzunguko hadi mzunguko mpaka itoke kamba moja ndefu yenye upana wa vidole viwili, nayo huvutwa kwa nguvu kabla ya kufungwa ili ijikaze yenyewe barabara inapotikisa. Hakuna kamba ya katani inayoshika gunia kama mpira huo.

Malori yalikuja polepole. Sababu moja ni kwamba serikali ya kikoloni iliilinda reli isishindane na barabara, na njia zilizokwenda sambamba na reli hazikutengenezwa kwa bidii. Nyingine ni ardhi. Mvua za Tabora huanza Novemba na kukatika Aprili au Mei, karibu milimita 900 hadi 1,000 kwa mwaka, na miezi iliyobaki ni mikavu kabisa. Juu ya vilima vya mchanga gari hupita mwaka mzima. Chini, katika mbuga kama za Wembere huko Igunga, udongo ni mweusi wa mfinyanzi: wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, wakati wa masika hunata kama gundi. Udongo huo hujaza mifereji ya tairi katika mzunguko wa kwanza tu, na tairi jipya huteleza kama kipara.

Vita vya Pili vya Dunia vilirudia kisa cha mpira. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, Waingereza waliyafungua upya mashamba ya Wajerumani yaliyokuwa yameachwa, na watu wakalazimishwa tena kuchanja. Baada ya vita ulikuja Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947, na Urambo ikawa moja ya vituo vyake vitatu pamoja na Kongwa na Nachingwea. Matrekta, malori na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa miti viliingia katika miombo. Mpango ulianguka mwaka 1951, na Urambo ikageukia tumbaku, zao lililowapa malori kazi ya kudumu kutoka vijijini hadi stesheni.

Uhuru uliikuta Tabora na Land Rover, Bedford na mabasi yenye matairi ya nyuzi za mshazari. Tairi la aina hiyo lina tabaka za nailoni zilizopishana kama msalaba, na ndani yake tyubu. Ubavu wake ni mnene, huvumilia jiwe na kisiki, na fundi yeyote mwenye nyundo na vyuma viwili alilifungua chini ya mwembe, akaziba tyubu kwa kiraka na kulirudisha. Ubaya wake ni joto. Tabaka husuguana tairi linapozunguka, na kwa kasi ya lami huchoka upesi. Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ya Ufaransa iliweka hataza ya tairi la radiali, ambalo nyuzi zake hutoka ukingo hadi ukingo bila kupishana na juu yake kuna mikanda ya waya wa chuma. Linapoa vizuri, hudumu zaidi na hushika barabara, ila ubavu wake ni mwembamba. Njia ya Tabora haikuwa na haja nalo kwa miaka mingi, kwa sababu haikuwa na lami.

Tanzania ilijenga kiwanda chake, General Tyre, mjini Arusha, kilichoanza uzalishaji miaka ya mwanzo ya 1970, serikali ikiwa na asilimia 74 ya hisa na kampuni ya Marekani asilimia 26. Miaka ya vita vya Kagera na baada yake ilikuwa ya uhaba. Tairi lilipatikana kwa kibali. Magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Tairi lililoisha lilivikwa kashata mpya likarudi barabarani, na likiisha tena lilikwenda kwa mshona viatu. Makatambuga, viatu vya tairi vilivyowavusha wakulima na wachungaji katika miiba na tope, vilitokana na matairi ya nailoni ambayo kisu kinayapasua. Radiali lenye waya wa chuma halikatiki hivyo, na mafundi wa viatu mpaka leo huchagua tairi la kazi yao kwa kulikagua ndani kwanza. Kiwanda cha Arusha kilisimama mwaka 2009. Kile cha Nairobi, kilichoanzishwa na Firestone na kuja kutengeneza Yana, kilifungwa mwaka 2016. Kwa hiyo tairi la gari la familia linalouzwa Tabora leo hutoka nje, kwa kiasi kikubwa Asia.

Mageuzi mawili yalikuja karibu pamoja. La kwanza ni magari ya mtumba ya Japani, yaliyoifikia kila wilaya na kulifanya gari la juu la familia, lile linaloitwa SUV, kuwa gari la mwalimu, mfanyabiashara na mkulima mkubwa. La pili ni lami. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2010 mji uliokuwa kitovu cha misafara haukuwa umeunganishwa kwa lami na sehemu nyingine za nchi. Katika muda wa muongo mmoja hivi lami ikafika Nzega, Urambo, Itigi kupitia Nyahua na Chaya, na Mpanda. Malagarasi, mto uliowahi kuwatoza wasafiri nauli ya mitumbwi, unavukwa kwa Daraja la Kikwete. Barabara ya Itigi inapita karibu na nyika ileile ya Mgunda Mkali. Mbung'o bado wapo. Hulifuata gari linalotembea wakilidhania mnyama, lakini injini haiugui nagana.

Mabadiliko hayo yameleta swali ambalo wazee wa njia hii hawakuwa nalo: tairi gani lifungwe baada ya lile la kwanza kuisha? Duka linatoa jibu rahisi, tairi la misimu yote. Aina hiyo ilipata umaarufu Marekani mwaka 1977 Goodyear ilipotoa Tiempo, na ilikusudiwa kumwondolea dereva taabu ya kufunga matairi ya theluji kila majira ya baridi. Mpira wa tairi la kiangazi hukakamaa chini ya nyuzijoto 7 hivi. Mpira wa theluji hubaki laini. Wa misimu yote uko katikati. Tabora haina theluji, na usiku wa baridi wa Julai ni wa nyuzijoto zipatazo 15. Msimu wa Tabora ni wa aina nyingine, vumbi na joto upande mmoja, maji na tope upande wa pili. Alama ya M+S iliyo ubavuni, inayohusu tope na theluji, inasema kidogo sana juu ya Wembere.

Hatari iliyo karibu zaidi ni matairi yanayokuja na gari lenyewe. Baadhi ya magari ya mtumba hutoka sehemu za Japani zenye theluji nyingi, na huweza kufika yakiwa na matairi ya baridi. Hutambulika kwa neno STUDLESS ubavuni, au kwa picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji, na kwa kashata zilizochanjwa mistari mingi myembamba. Yanaweza kuonekana mapya kabisa. Juu ya lami ya Oktoba mpira wake laini huliwa haraka, gari huyumba kwenye kona, na umbali wa kusimama huongezeka. Tairi hilo libadilishwe hata kama kashata zake ni ndefu.

Maandishi ya ubavuni ndiyo cheti cha tairi. Katika 225/65R17 102H, upana ni milimita 225, urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, R ni radiali, na ringi ni ya inchi 17. Namba 102 ni uwezo wa kubeba kilo 850 kwa tairi moja, na H ni kasi ya kilomita 210 kwa saa. Kasi hiyo haina kazi Tabora; uwezo wa mzigo una kazi kubwa. Gari la familia linaloondoka na watu watano, magunia ya mchele nyuma na mizigo juu ya paa limekwisha kuwa gari la mizigo, na tairi lenye namba ndogo kuliko ile ya mtengenezaji huchemka taratibu mpaka lipasuke. Kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva hutaja saizi na upepo unaotakiwa. Upepo hupimwa asubuhi tairi likiwa la baridi. Upepo mdogo ndio unaoua matairi katika barabara ndefu iliyonyooka, kwa sababu ubavu hujikunja kila mzunguko na kuzalisha joto lisilo na pa kwenda.

Ubavuni pia kuna namba nne za tarehe: 2423 ni wiki ya 24 ya mwaka 2023. Tairi lililokaa ghalani au juani miaka sita limezeeka hata kama halijawahi kufungwa, na nyufa ndogo kando ya maandishi ni ushahidi wake. Ndani ya mifereji kuna vinundu. Kashata zikilingana navyo zimebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha kisheria katika nchi nyingi, ila kwa mvua za Januari milimita tatu ndizo za kuanza kutafuta jingine.

Juu ya hayo yote linabaki swali la barabara. Familia inayoishi Ng'ambo, Kanyenye au Isevya, inayosafiri Nzega, Dodoma na Dar es Salaam, hukanyaga lami kwa sehemu kubwa ya safari zake. Linaloifaa ni tairi la barabarani la misimu yote lenye mifereji mirefu ya kutoa maji, kwa kuwa ni tulivu, halili mafuta na linasimama vizuri penye maji. Familia yenye shamba la tumbaku au mizinga ndani ya Sikonge, Uyui au Kaliua inahitaji tairi la barabara na pori, lile la alama A/T, lenye kashata zilizoachana na ubavu mnene zaidi. Litavuma kidogo juu ya lami na kuongeza mafuta. Hiyo ni bei ya haki ya kurudi nyumbani wakati wa masika. Tairi la tope tupu, M/T, halifai gari la familia, kwani juu ya lami yenye maji hushika vibaya. Kwenye mbuga dereva hupunguza upepo kidogo ili tairi likanyage eneo kubwa, na huurudisha kabla ya kupanda lami.

Gari linaloendesha magurudumu yote manne lifungwe matairi manne ya aina moja na kimo kimoja, la sivyo gia za katikati zitachakaa kwa kulazimishwa kusawazisha tofauti. Tairi la akiba nalo liwe kamili, si lile dogo la dharura, maana kati ya Itigi na Tabora kuna misitu mirefu na mafundi wachache. Fedha zikiwa chache, matairi manne mapya ya daraja la kati, yenye tarehe ya karibuni na namba sahihi ya mzigo, ni bora kuliko mawili ya jina kubwa yaliyochanganywa na mawili ya mtumba.